Nani Anajua Kilichobaki Ndani ya Chuma?

Tarehe 3 Oktoba 2023 JET, mtambo wa majaribio ya muungano wa viini (kuunganisha viini vyepesi vya atomi ili kupata nishati) wa Culham, Uingereza, ulitoa megajuli 69 za nishati ndani ya sekunde chache, kwa kuunguza miligramu 0.2 tu za mafuta. Ukizigeuza kwa hesabu ya LUKU ni kama uniti 19, ambazo nyumba yenye jokofu na pasi pale Chumbageni, Tanga, huzimaliza ndani ya siku chache. Tena hilo ni joto tupu, halijawa umeme. Rekodi ni rekodi, na habari ikasambaa dunia nzima.

Mimi ilinivutia habari nyingine ya kampeni hiyohiyo, ambayo wachache waliisikia. Wahandisi walielekeza leza kwenye ukuta wa ndani wa mtambo, wakapasha moto doa lenye upana wa milimita chache, kisha wakaipima gesi iliyochomoka ili wajue ni kiasi gani cha tritiamu, mafuta ya mtambo yenye mionzi, kilikuwa kimejificha mahali pale. Hawakukata kitu wala hawakufungua mtambo. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo ndiyo itakayoamua kama mitambo ya muungano wa viini itapewa vibali vya kuzalisha umeme karibu na miji ya watu. Moto tumeshaona kwamba unaweza kuwaka. Ambacho bado hakijakaa sawa ni daftari la mafuta.

Tritiamu ni hidrojeni nzito: protoni moja, nyutroni mbili. Kiini chake hakitulii, na kila baada ya miaka 12.3 nusu yake huwa imegeuka heliamu-3. Mitambo hii inaitaka kwa sababu ikikutana na deutiriamu, hidrojeni nzito yenye nyutroni moja, huungana kwa urahisi kuliko michanganyiko mingine, ingawa urahisi huo unadai joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Hakuna mgodi wake. Sehemu kubwa ya tritiamu ya kiraia hutoka kwenye vinu vya maji mazito vya Kanada, akiba yote ya dunia huhesabiwa kwa makumi machache ya kilo, na bei inayotajwa ni takriban dola 30,000 kwa gramu moja. Hata ukiifungia ghalani, kila mwaka asilimia tano na nusu inayeyuka yenyewe.

Ghali, adimu, na ina mionzi. Kitu cha namna hiyo mtu angetarajia kila gramu iwe na risiti. Ugumu ni kwamba hidrojeni haiheshimu chuma. Hupenya kwenye aloi (metali zilizochanganywa), ikatembea kati ya atomi, ikanaswa kwenye kasoro ndogondogo za ndani, ikakaa humo.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo hoja ilipo. Mtambo wenye nguvu ya muungano ya gigawati moja ukifanya kazi mwaka mzima bila kusimama utaunguza kilo 56 hivi za tritiamu. Ni kama gramu 150 kwa siku. Lakini mafuta yanayopulizwa ndani ya chombo hayaungui yote; sehemu kubwa mno hutoka bila kuguswa, ikasafishwa na kurudishwa. Tuchukue kwamba asilimia moja tu ndiyo inayoungua. Basi kila siku kilo 15 zitazunguka kwenye mabomba. Sasa ikiwa sehemu moja kati ya elfu kumi itang'ang'ania ukutani, hiyo ni gramu moja na nusu kwa siku, na mwaka ukiisha umeshafika zaidi ya nusu kilo. ITER, mtambo mkubwa unaojengwa kusini mwa Ufaransa, umewekewa kikomo cha usalama cha kilo moja ya tritiamu ndani ya chombo chake, na kwa uendeshaji wa kawaida gramu 700.

Mtu atasema: si upime kilichoingia, upime kilichotoka, utoe? Jaribu. Kipimo chenye kosa la asilimia moja, ambacho kwa gesi inayozunguka mfululizo si kibaya, kinakuachia shaka ya gramu 150 kila siku, ilhali unachotafuta ni gramu moja na nusu. Ni sawa na kutaka kujua uzito wa dereva kwa kupandisha lori la saruji ya Pongwe kwenye mizani akiwa ndani, kisha ukalipandisha tena akiwa ameshuka. Mizani haina kosa. Swali ndilo halikuwa lake.

Kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Anayetaka kujua kilichobaki ukutani lazima akaulize ukuta wenyewe.

Haya hayakuanza jana. Mtambo wa TFTR wa Princeton, Marekani, ulipotumia tritiamu kati ya 1993 na 1997, ulikuwa na kikomo cha gramu 2 ndani ya chombo. Gramu mbili! Na kuta zake za kaboni zilinasa tritiamu kwa kasi hata ikabidi kazi ya majaribio isimamishwe ili kuta zisafishwe. Mwaka 1997 JET iliingiza takriban gramu 35, na majaribio yalipokwisha karibu theluthi moja ilikuwa bado imo ndani. Baada ya usafishaji zikabaki gramu 6 hivi. Kaboni ilikuwa inamomonyoka ukutani, ikaungana na tritiamu, ikaenda kutuama kwenye pembe baridi ambako hakuna aliyepanga kuangalia. Ndiyo sababu mwaka 2011 JET ilianza kazi upya ikiwa na kuta za beriliamu na tangsteni, na unasaji ukashuka kwa zaidi ya mara kumi. Huo ni ushindi wa kweli, tena naona umepewa sifa ndogo kuliko rekodi za megajuli.

Lakini aloi zina tabia yake. Chuma cha miundo kinachopendekezwa Ulaya, Eurofer97, chenye kromiamu asilimia 9 na tangsteni kidogo, na mwenzake wa Japani F82H, havikusanyi tritiamu juujuu kama kaboni. Vinaiachia ipite. Na nyutroni za mtambo, zenye nguvu ya megaelektrovolti 14, huzitoa atomi za chuma mahali pake na kuacha matundu madogo sana ambayo kila moja ni mtego. Ukuta mpya unaweza kupimwa ukaonekana safi. Ukishapigwa na nyutroni kwa miaka miwili mitatu, si ukuta uleule tena.

Njia ya zamani ya kujua ni kukata. Unachukua kipande, unakiyeyusha kwa asidi au unakipasha hadi karibu nyuzi 1,000 tritiamu yote itoke, kisha unahesabu. Jibu ni zuri na ndilo linalotumika kusahihisha vipimo vingine vyote. Ila ukuta una mamia ya mita za mraba, vipande unavyoweza kukata ni vichache, mkono wa kuvikata lazima uwe wa roboti kwa sababu chuma chenyewe kimeshakuwa na mionzi, na ulipokata huwezi kupima tena mwakani uone kama kiasi kimepanda.

Ndipo vinapoingia vipimo visivyoharibu, na hapa nitakaa kidogo.

Tritiamu inapovunjika hutoa elektroni dhaifu mno. Nguvu yake ya juu kabisa ni kiloelektrovolti 18.6, na ya wastani ni 5.7. Hewani haivuki milimita sita hivi. Ngozi ya binadamu inaizuia, ndiyo maana hatari yake iko kwenye kuivuta au kuinywa ikiwa imeshakuwa maji. Ndani ya chuma elektroni hiyo haisafiri zaidi ya takriban mikromita moja, elfu moja ya milimita. Ukiweka kihesabio cha mionzi juu ya bamba la aloi, unachokisikia ni tritiamu ya ganda la juu kabisa. Iliyo chini yake inapiga kelele chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Wajapani walipata upenyo. Masao Matsuyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toyama, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliamua kuacha kuzifuata elektroni na kufuata eksirei ambazo elektroni hizo huzizalisha zinapogonga atomi za chuma. Eksirei hupenya zaidi. Kwenye chuma zinaweza kutoka kwenye kina cha mikromita kumi au ishirini hivi, kwenye tangsteni pungufu ya hapo, na kwenye beriliamu iliyo nyepesi kina kirefu zaidi. Kisha wakaongeza ujanja ninaoupenda sana: sampuli inazungushiwa gesi ya argoni. Elektroni chache zinazofaulu kutoka juu ya bamba hugonga argoni, nayo hutoa eksirei ya kiloelektrovolti tatu hivi, saini yake isiyofanana na ya kitu kingine. Hivyo kwenye picha moja ya kipimo unasoma mambo mawili. Mstari wa argoni unakuambia kilicho juu, mgongo mpana wa eksirei nyingine unakuambia kilicho chini, na umbo la mgongo huo hukusaidia kukadiria kina, kwa sababu eksirei dhaifu humezwa na chuma njiani kuliko zenye nguvu.

Kuna pia bamba la picha, la aina iliyotumika hospitalini kabla ya eksirei za kidijitali kuenea. Linawekwa juu ya kigae cha mtambo, linaachwa kwa saa kadhaa, halafu linasomwa kwa leza na kutoa ramani ya mahali tritiamu ilipolala. Vigae vya JET vilichunguzwa hivyo. Ramani ni nzuri kwa macho, ila nayo inaona ganda la juu tu.

Njia ya joto ndiyo inayopita unene wote. Kila gramu ya tritiamu hutoa wati 0.324, usiku na mchana, iwe juu ya bamba au katikati yake. Weka kitu ndani ya kalorimita, chombo cha kupimia joto, pima joto, gawanya, umepata jumla bila kujali kina. Kwa matangi ya kuhifadhia tritiamu, ambamo gesi hufyonzwa na unga wa urani hafifu au aloi ya zirkoni na kobalti, hii ni njia ya kuaminika. Lakini miligramu moja ni sehemu tatu tu za kumi za miliwati. Na kipande cha ukuta kilichopigwa na nyutroni kina joto lake mwenyewe, la viini vingine vilivyozaliwa humo, ambalo linaweza kulizidi la tritiamu kwa mbali. Shida hiyohiyo huikumba njia ya Toyama: kigunduzi kinachotafuta eksirei dhaifu kinafunikwa na miale ya gama ya kobalti-60 iliyo ndani ya chuma kilekile. Vipimo vilivyopendeza maabarani kwenye bamba safi haviwezi kuhamishiwa hivihivi kwenye ukuta wa mtambo ulioendeshwa miaka mitano.

Na ile leza ya JET? Naiheshimu, lakini kuiita isiyoharibu ni ukarimu. Chuma kinabaki, ndiyo, ila ushahidi unaondoka. Doa ulilolipasha limeshatoa tritiamu yake, na tritiamu iliyokuwa chini zaidi imepata joto la kuhama. Ni kipimo cha mara moja mahali pamoja, chenye faida kubwa ya kufanyika mtambo ukiwa umefungwa.

Jambo ninalolisisitiza ni hili: kila moja ya njia hizi inajibu kuhusu kina chake. Bamba la chuma la milimita tano likipimwa kwa eksirei za mikromita ishirini, umeona sehemu moja kati ya 250. Zilizobaki 249 umezijaza kwa modeli ya kompyuta, na modeli inategemea mitego mingapi nyutroni zimechimba, jambo ambalo lenyewe halijapimwa kwenye mtambo halisi wa muungano kwa sababu mtambo wa namna hiyo haujawahi kufanya kazi kwa miaka. Anayekuja na tarakimu moja ya gramu zilizobaki ukutani, bila kusema alipima hadi kina gani na aliyakisia mangapi, amekuletea maoni yaliyovaa koti la kipimo.

Hili lina uzito wa kisheria kuliko watu wanavyodhani. Mwezi Aprili 2023 tume ya nyuklia ya Marekani iliamua kwamba mitambo ya muungano itasimamiwa kwa kanuni zinazotumika kwa vifaa vyenye mionzi, zisizo nzito kama za vinu vya kupasua viini. Uingereza nayo, kwa Sheria ya Nishati ya 2023, iliitoa mitambo hii kwenye leseni za vinu vya nyuklia na kuiacha kwa wasimamizi wa mazingira na wa usalama kazini. Siupingi uamuzi huo. Muungano hauna mnyororo wa kulipuka ukashindwa kuuzima, ukiharibika unazimika. Lakini ukishaondoa woga wa mlipuko, kinachobaki mezani kama hatari kuu inayosimamiwa ni kiasi cha tritiamu kilichopo na kinachoweza kutoka, pamoja na chuma kilichopata mionzi. Kibali kizima kinaegemea tarakimu ambayo vipimo vyetu bado vinaisoma kupitia tundu la ufunguo. Makampuni yanayoahidi umeme wa muungano ndani ya miaka michache huzungumza sana kuhusu sumaku na leza. Ni nadra kuwasikia wakieleza watakavyokagua daftari la tritiamu.

Sasa Tanga inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa karakana.

Kazi ya kuangalia ndani ya chuma bila kukikata inafahamika hapa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, ng'ambo ya mji wetu. Maungio ya bomba kama hilo hayakaguliwi kwa macho tu. Hupigwa picha kwa mionzi au kupimwa kwa mawimbi ya sauti ya juu. Anayeshika chanzo cha mionzi kwa ukaguzi huo hufanya hivyo chini ya kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Vijana waliopitia kazi za namna hii wanajua maana ya cheti cha ISO 9712, kiwango cha kimataifa cha wakaguzi wasioharibu kitu, na wanajua kwamba picha isiyo na kiashiria cha ubora pembeni inakataliwa hata kama ungio ni zuri.

Wanajua pia habari ya hidrojeni, ingawa si kwa jina la muungano wa viini. Fundi wa kuchomelea aliyefunzwa vizuri haachi elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za hidrojeni kidogo mezani kwenye unyevunyevu wa pwani yetu. Huzikausha kwenye oveni na kuzitoa chache chache. Sababu ni kwamba unyevu ukiingia kwenye tao la umeme hupasuka, hidrojeni yake ikazama kwenye chuma kilichoyeyuka, kazi ikapoa vizuri, mkaguzi akapita, na ufa ukaja kesho yake. Ndiyo maana kwa vyuma vigumu ukaguzi hucheleweshwa hadi saa 48. Ni atomi ileile, inapenya vilevile na inanaswa kwenye mitego ya aina ileile. Hidrojeni ya kawaida ndiyo yenye usumbufu zaidi kwa mpimaji, kwa sababu haitoi ishara yoyote, wakati tritiamu walau inajitangaza. Watafiti wa vyuma wametumia tritiamu kidogo kwa makusudi ili waone hidrojeni inakojificha kwenye chuma. Kwa hiyo elimu ya mitambo ya muungano na elimu ya bomba si vitu viwili vinavyopishana barabarani.

Tumejizoesha kuuliza swali moja kila teknolojia mpya inapotajwa: tuna madini gani ya kuwauzia? Urani ipo Mkuju. Heliamu ipo Rukwa, ilitangazwa 2016, na sumaku za mitambo hii hupozwa kwa heliamu, kwa hiyo tayari kuna wanaopiga hesabu. Sawa, ziuzwe. Lakini madini huuzwa mara moja, na bei hupanga mnunuzi. Ujuzi wa kupima unaajiriwa Chongoleani leo, kiwandani kesho, kwenye mitambo ya gesi ya Mtwara keshokutwa, na siku moja kwenye maabara ya tritiamu popote itakapokuwa.

Najua pingamizi. ITER yenyewe imepanga kuanza kutumia deutiriamu na tritiamu mwaka 2039. Ya nini kumpa fundi wa Tanga habari hizi sasa? Sidai mtu anunue kigunduzi cha eksirei za argoni. Ninachotaka ni kwamba mafunzo yetu ya ukaguzi usioharibu, yanayosimamia zaidi nyufa na matundu, yaongeze somo la hidrojeni ndani ya chuma: inaingiaje, inanaswa wapi, inapimwaje kwa kupasha sampuli, na kila kipimo kinaona hadi kina gani. Oveni, chombo cha kunasa gesi na mwalimu anayejua kemia vinatosha kuanzia. Bomba la kilomita 1,443 lililozikwa ardhini hukingwa na kutu kwa umeme, na kinga hiyo ikizidishwa nayo huzalisha hidrojeni juu ya chuma. Somo hilo lina wanafunzi na lina kazi tangu sasa, kabla tritiamu haijafika popote karibu nasi.